Kamba za Mama, Chelezo cha Baba



Mama mmoja wa upande wa Shimoni ametuletea suala. Yeye na wenzake hulima mwani, na misimu hii ya joto kamba zao hurudi karibu tupu. Mumewe amemshauri aache vigingi, ahamie kwenye chelezo katika maji ya kina, na yeye mume ndiye asimamie kwa kuwa ana mashua. Tumeona tumjibu hapa, kwani jambo hili halimhusu yeye peke yake.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kwetu Kwale kikafika baadaye. Leo Kibuyuni yajulikana kwacho. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba hufungwa baina yao, na vipande vya mbegu huning'inizwa kwa vikamba viitwavyo tai-tai. Kazi hufanywa siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji yanapokupwa sana. Hivyo mkulima wa mwani huutazama mwezi kuliko sisi tuungojao kwa saumu tu. Baada ya bamvua tatu hivi, yaani wiki sita, huvunwa na kuanikwa. Kilo saba au nane mbichi hubakia moja kavu.

Njia hii haihitaji mashua wala kuogelea. Mama huenda kwa miguu na kurudi kabla ya maji kujaa, na ndiyo sababu wakulima walio wengi, huku na Unguja, ni wanawake. Lakini maji machache hupata moto upesi. Spinosamu huvumilia kidogo. Kotonii, ambayo utomvu wake wa kugandishia vyakula hutafutwa zaidi na bei yake ni kubwa zaidi, hupauka, hulegea na kukatika.

Chelezo huelea penye kina, ambako joto si kali, na huko kotonii hupata nafuu. Wengine huitia mbegu ndani ya wavu mrefu mfano wa bomba, mawimbi yasiikate. Mume basi hakukosea katika ushauri wake. Ila chelezo chataka mashua, nanga, maboya na mtu asiyeogopa maji, na tumeona mara nyingi kazi ya wanawake ikihamia kilindini, na mkono unaohesabu fedha nao ukahama. Alichokichuma mke ni milki yake, na matumizi ya nyumba yako juu ya mume. Hilo halihitaji fatwa mpya. Mume akitaka kuwa mshirika, na iandikwe: mashua ni ya nani, kamba na mbegu ni za nani, mapato yagawanywe vipi. Tena, mbona asimfundishe mkewe kuogelea? Unguja wako akina mama wakulima wa mwani waliofundishwa, na stara yao haikupungua.

Watakuja pia watakaomwambia auache mwani afuge mwatiko. Samaki huyu ni mwema: hula ukijani unaoota chini ya bwawa, na maji huletwa na bahari yenyewe. Lakini bwawa huchimbwa kwa nguvu nyingi katika ardhi tupu ya chumvi nyuma ya mikoko (mikoko yenyewe isiguswe), vifaranga hutegwa vidimbwini, na mavuno hungojewa miezi mingi. Kwa kikundi chenye vijana wa kuchimba, sawa. Kwa mama mwenye karo ya kulipa muhula huu, hatuoni.

Rai yetu ni kwamba vigingi asiving'oe. Aendelee na spinosamu pale pale, na kando yake kikundi kiweke chelezo kimoja cha kotonii kwa jina la kikundi, mashua ya mume ikodiwe kwa ujira unaojulikana. Zikipita bamvua tatu, atuandikie alichokipima kwenye mizani.