Ngoma ya Kweche: Wapi na Wakati Gani wa Kuitazama

Familia nyingi za pwani zipandapo bara kwa likizo ya Aprili hupitia Nakuru, na wakirudi husimulia habari za heroe wa ziwani. Hatuwalaumu. Hata hivyo, katika nyanda za nyasi za bonde hilo na kingo zake yuko ndege mwingine, mdogo wa umbo, ambaye kwa muda mfupi wa mwaka hucheza ngoma tusiyoiona huku kwetu. Juma hili tumeona vyema tuwaeleze wasomaji wetu huchezwa wapi na lini, na kwa nini haifai kuahirisha safari hiyo miaka na miaka.

Ndege huyo ni kweche wa Jackson, wa ukoo mmoja na kweche wekundu wanaojulikana katika mashamba ya mpunga ya pwani. Makao yake ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini ya Tanzania tu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka dume na jike hufanana, rangi ya kahawia yenye michirizi, hata mtu akawadhania shomoro. Mvua zikishanyesha, dume hugeuka mweusi, na mkia wake hurefuka ukapinda kama mundu.

Hapo dume hutafuta mahali pa kuchezea. Hukanyagakanyaga nyasi mpaka zikafanya duara, na katikati huacha kishungi kimoja kimesimama. Kisha huruka wima, kichwa amekirudisha nyuma, mkia ameuinua, miguu ikipigapiga hewani. Hutua palepale na kuruka tena. Madume mengi hucheza katika uwanja mmoja, na kwa mtazamaji aliye mbali huonekana kama mipira myeusi inayodunda juu ya nyasi. Majike hawana haraka. Hupita kiwanja kwa kiwanja wakitazama na kulinganisha ndipo wachague. Baada ya hapo jike hujenga kiota na kulea makinda peke yake, wala dume hatii mkono.

Wakati bora ni baada ya mvua za masika, nyasi zinapofika magotini: mara nyingi kuanzia Aprili hadi Juni, na miaka mingine tena baada ya vuli. Katika siku, ngoma hunoga mapema asubuhi, na tena alasiri mpaka jua linapokaribia kuzama. Mwenye kuswali Alfajiri na kuondoka mara moja atawakuta wamekwisha anza. Atakayesubiri jua la saa sita huenda akaona nyasi tupu.

Ama mahali, tunataja matatu. La kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, kwenye uwanda wa nyasi ulio mbali na maji. Hapo hutazamwa kutoka ndani ya gari, jambo linalowafaa wenye watoto wadogo na wazee. La pili ni malisho ya Mau Narok na Molo, kwenye miinuko ya Mau. La tatu ni uwanda wa Kinangop, juu ya Naivasha, katika kaunti ya Nyandarua. Huko ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na baridi yake si ya mzaha. Wachukulieni watoto sweta na soksi.

Kinangop pia yuko kweche mkia-mrefu, ambaye mkia wa dume lake hufikia nusu mita. Yeye huruka polepole juu ya nyasi akiukunjua mkia huo. Mtaalamu wa Uswidi, Malte Andersson, aliwashika madume 36 uwandani hapo. Wengine akawapunguza mikia, wengine akawaongezea kwa gundi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982 yalionyesha kwamba walioongezewa ndio waliovuta majike wengi zaidi. Jaribio hilo lingali likifundishwa katika vyuo vikuu duniani.

Lakini uwanja wa ngoma hii unapungua. Sehemu kubwa ya Kinangop ni mashamba ya watu binafsi, na mwaka hadi mwaka nyasi hulimwa zikawa viazi, kabichi na ngano. Viazi vya nyanda hizo hufika hadi masoko ya Mombasa, na huenda ndivyo tunavyovikaanga viazi karai jioni. Basi si haki kumnyooshea kidole mkulima mwenye watoto wa kusomesha. Shirika la Nature Kenya limenunua baadhi ya vipande vya nyasi ili visilimwe, nalo ni jambo jema. Lakini mwenye shamba akiona wageni wanakuja kwa adabu na kumlipa kwa ruhusa yao, naye hupata sababu ya kuacha kipande cha malisho.

Kwa hiyo tuende kwa adabu. Tubishe hodi kwa mwenye shamba kabla ya kuingia. Tusimame pembeni na darubini, tusiwaache watoto wakimbie ndani ya nyasi, kwani viota vimefichwa humo humo karibu na ardhi. Tunaikumbuka hadithi ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe. Watoto wakifundishwa adabu hiyo mbele ya kweche mmoja anayeruka, wataishika kuliko wakiisikia darasani.

Masika yajayo, inshallah, wenye kupanga safari ya Nakuru waongeze asubuhi moja kwa ajili ya nyasi. Heroe wawaone mchana.