Kizuri chajiuza? Si peke yake

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, methali hii imewaponza wasusi wengi wa vikapu vya milulu mkoani Iringa. Kwenye maonyesho, baadhi yao hukaa kimya kando ya bidhaa zao, wakiona haya kusema. Wengine humvuta mteja mkono, na akisita kidogo tu wanashusha bei.

Wote hao wanapata hasara. Mteja wa mjini haijui milulu. Hajui kwamba hukatwa, hukaushwa, mingine hutiwa rangi, ndipo isukwe. Asichokijua hawezi kukilipia.

Tufanye hesabu. Tuseme kikapu kimechukua siku tatu, na malighafi na nauli vimegharimu Sh4,000. Ukikiuza Sh10,000, kila siku ya kazi imekulipa Sh2,000. Ukikubali Sh7,000, imekulipa Sh1,000. Punguzo la asilimia 30 limekata ujira wako nusu!

Ushauri wangu ni huu: mwache mteja akishike kikapu. Mweleze kimesukwa na nani, kwa siku ngapi, na kinatunzwaje. Kama rangi yake huchuja kikilowa, mwambie. Taja bei yako, kisha nyamaza. Akiondoka bila kununua, muage vizuri na umpe namba yako ya simu.

Kueleza kazi yako si kujitembeza. Anayelificha jasho lake asishangae likinunuliwa kwa bei ya kutupa.