Konsoli Mpya Ikifia Kwenye Apdeti, Msimcheke Dogo wa Kikatiti

Wadau, leo sizunguki. Kuna staa mmoja hapa Bongo, jina kapuni, kazi yake kufungua maboksi ya vitu vipya mbele ya kamera. Wiki hii kaachia video anawacheka watu ambao konsoli zao zimezima moja kwa moja wakati wa apdeti ya kwanza. Anachosema kwa kifupi: kama huna waifai ya maana na umeme wa uhakika, gemu za kisasa sio saizi yako, kacheze drafti. Watu wakacheka, wakasambaza.

Mimi sijacheka. Mashine ikiuzwa haijakamilika, halafu kazi ya kuikamilisha akaachiwa mnunuzi kwa bando lake na umeme wake, ikifa hapo mwenye kosa ni aliyeiuza nusu. Huo ndio msimamo wangu na sitoki hapo.

Kwa asiyejua inavyokwenda: ndani ya konsoli kuna programu mama, ndiyo inayoiwasha na kuiendesha. Mashine zinaundwa na kupakiwa melini miezi kabla ya siku ya kuuzwa, huku mafundi wa programu bado wanahangaika na kazi yao. Kwa hiyo unafungua boksi, unawasha, inakwambia subiri kwanza, pakua apdeti. Kupakua kwenyewe mara nyingi sio ishu, bando likikata unaanza upya. Balaa liko pale inapoanza kuondoa programu ya zamani na kuandika mpya. Umeme ukikata hapo, au apdeti yenyewe ikiwa mbovu, mashine inaweza kubaki haina ya zamani wala mpya. Wachezaji wa huko nje wanasema imegeuka tofali. Na kweli, kazi inayobaki nayo ni kuzuia mlango.

Sasa mnaosema haya ni matatizo ya bara letu, tuhesabu pamoja.

Novemba 18, 2012, Nintendo waliingiza Wii U sokoni Marekani. Bila apdeti ya siku ya kwanza hupati duka lao la mtandaoni wala huchezi na watu mtandaoni. Ilichukua zaidi ya saa nzima kwa wengi, na waliokatisha katikati wapo waliobaki na tofali siku hiyohiyo. Hao ni watu wa Marekani, wenye waifai ambayo staa wetu anajivunia. Bosi wa Nintendo wakati huo, Satoru Iwata, aliomba radhi na akakiri kwamba mtu anatakiwa aweze kutumia kila kitu mara tu anapofungua boksi. Mwenye kampuni kakiri. Wewe unayepewa boksi la bure unamtetea nani?

Juni 2013, Sony walitoa apdeti namba 4.45 ya PS3. Watu wakaiweka vizuri kabisa, umeme upo, intaneti ipo, na mashine zao zikagoma kuwaka. Sony wakaiondoa haraka, ikaja nyingine baadaye. Hapo napo utasema tatizo ni umeme wa Arumeru?

Mwezi huohuo, bosi wa Xbox, Don Mattrick, aliulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika, maana Xbox One ilipangwa iwe inajiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24. Akajibu kwamba wao mashine yao ipo, Xbox 360. Kwa Kiswahili cha mtaani: kaeni na ya zamani. Watu waliwaka dunia nzima, na Juni 19, 2013 Microsoft wakafuta huo mpango. Hata hivyo Xbox One ilipotoka Novemba, bado ilihitaji apdeti ya siku ya kwanza ndipo ifanye kazi zake. Lakini somo limebaki: kelele za wateja zinafanya kazi, kucheka wateja hakufanyi.

Turudi kwetu. Ukitoka Arusha mjini kwa hiace kuelekea Moshi, unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, halafu Kikatiti. Kuna chalii mmoja pale, jina nalo kapuni, ana kibanda cha gemu. Kwake PS sio starehe, ni shamba. Mechi moja mia tano, kodi inatoka humo, ada ya mdogo wake inatoka humo. Alijichanga muda mrefu akanunua mashine mpya kwenye duka moja mjini. Kaiwasha, imeomba apdeti, kaweka bando, imefika katikati ya kujiandika, umeme huo ukaenda. Haikuwaka tena.

Akairudisha dukani na boksi lake na risiti yake.

"Kaka, nimeiwasha mara moja tu."

"Mdogo wangu, mali ikishauzwa hairudi. Hiyo ni netiweki yenu huko kijijini."

Basi. Duka limemaliza, na staa kapata cha kuchekea.

Umeme kukatika hapa sio siri ya mtu. Kati ya 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao nchi nzima, mjini na kijijini. Intaneti nayo, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Siku hiyo waifai ya Masaki na bando la Kikatiti vilikuwa ndugu. Anayeuza mashine hapa anayajua yote haya, na bei yake haipungui hata mia kwa sababu hiyo.

Halafu kuna hili: orodha ya nchi za PlayStation Network haina Tanzania. Akaunti nyingi unazoziona vibandani zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine. Yaani mashine inakulazimisha uende mtandaoni, na huko mtandaoni nchi yako haimo kwenye orodha. Ikifa, unampigia nani?

Najua jibu linalokuja: apdeti ni nzuri, zinaziba mianya na kurekebisha makosa. Kweli, na mimi sizipingi. Gari nalo linahitaji sevisi, ila hakuna anayekuuzia gari halafu akwambie injini malizia mwenyewe barabarani.

Kwa hiyo wenye maduka Arusha, Moshi na Kariakoo, tunataka mambo matatu. Moja, mashine ifunguliwe na kuapdetiwa palepale dukani, kwenye umeme wenye betri ya akiba, mteja anaangalia. Mbili, waranti iandikwe kwenye risiti na itaje wazi kufa wakati wa apdeti. Tatu, yule maneno ya "mali ikishauzwa hairudi" yasitumike kama ukuta. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora unaofaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji. Nendeni na risiti zenu.

Na wewe mwenye kibanda, usisubiri huruma ya mtu. PS4 na PS5 zinakubali apdeti kwa flashi. Pakua faili kwenye tovuti rasmi ya PlayStation ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri. Kwa PS5, tengeneza folda iitwe PS5, ndani yake nyingine iitwe UPDATE, weka faili lenye jina PS5UPDATE.PUP. Herufi zote kubwa. Bando litapona, ila umeme bado unahitajika, hivyo tafuta betri ya akiba hata ya kuazima kwa nusu saa.

Staa wetu, siku ukipewa boksi jingine la bure, fanya kitu kimoja: anza apdeti, halafu katikati zima swichi ya ukutani mbele ya kamera. Ikiwaka, cheka unavyotaka. Ikigoma, mpelekee chalii wa Kikatiti nyingine mpya, halafu ndio tuongelee nani gemu sio saizi yake.

Wadau, nani mwingine mashine imemfia kwenye apdeti na duka likamkana? Shusha hapo chini.