Historia ya Sanaa Isomwe Safarini

Wahenga walinena kuwa kusikia si kuona. Kauli hii inawagusa hasa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni wanaosoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu fahari ya Pate iliyoporomoka, ilhali hawajawahi kukiona kidaka hata kimoja. Mhadhiri hueleza kwamba vidaka, au zidaka kwa lahaja za kaskazini, ni vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo na mapambo. Mwanafunzi hunakili maelezo hayo, hufaulu mtihani, kisha huenda kuyakariri mbele ya darasa la shule ya upili.

Dawa ya upungufu huu ni kozi ya historia ya sanaa inayofundishwa safarini tangu mwaka wa kwanza. Safari na ianzie Mombasa, katika Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kituo cha pili kiwe Gede, lilipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na palipofukuliwa vyombo vya kauri kutoka China. Tamati iwe Lamu, penye milango ya nakshi na makumbusho inayohifadhi siwa ya pembe ya ndovu ya Pate.

Wapo watakaodai kuwa picha zinatosha. La hasha! Picha huonyesha ukuta mmoja tu. Katika nyumba kongwe ya mawe ya Lamu, mgeni hupokelewa katika daka, akaingia kiwandani, akapita misana, na ndani kabisa ndiko kwenye ukuta wa vidaka. Ni kwa kuipita njia hiyo mwanafunzi atakapofahamu kuwa pambo lile halikukusudiwa kila mpita njia, na kwa nini mshairi aliyeomboleza maanguko ya majumba aliyataja mambo ya ndani.

Gharama nayo ni hoja nzito, hasa kwa mwanafunzi anayetegemea mkopo. Hata hivyo, wanafunzi wa jiografia na jiolojia hupelekwa nyanjani, wala hakuna anayeiita ziara yao anasa. Vyuo vya bara na vya pwani vinaweza kushirikiana katika usafiri na malazi, na mafundi wa nakshi wakaalikwa kufundisha wakiwa kazini mwao.

Lamu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Gede mwaka 2024. Itakuwa aibu iwapo watalii watayajua majengo hayo kuliko walimu wa lugha iliyoyapa majina. Idara za Kiswahili hazina budi kulizingatia suala hili zinaporekebisha mitaala yao.