Bei ya Kiwanja Mikocheni ni Jasho la Nani?

Wenye viwanja vya Mikocheni husema kuwa bei ya ardhi yao ni haki yao, na asiyeiweza aende Mbagala au Chanika. Sisi twauliza: thamani hiyo imeletwa na nani?

Wataalamu wa Ulaya walikwisha kubishana juu ya jambo hili. Adam Smith, mwaka 1776, alisema kazi ndiyo kipimo cha kweli cha thamani. Lakini ardhi ikishakuwa ya mtu binafsi, mwenyewe hudai fungu katika jasho la mwingine. David Ricardo, mwaka 1817, akaeleza kuwa kodi ya ardhi haitokani na bidii ya mwenyewe, bali na ubora wa shamba lake kupita shamba baya kabisa linalolimwa. Karl Marx, mwaka 1867, akaenda mbele zaidi: bepari hununua nguvu ya mfanyakazi, humlipa kiasi cha kumweka hai, na kazi inayozidi hapo huwa faida ya bepari. Hawakupatana juu ya ubepari. Lakini kwamba kodi ya ardhi si ujira wa kazi ya mwenye ardhi, hapo walikuwa na neno moja.

Tutazame basi Mikocheni. Barabara ya Bagamoyo, mabomba ya maji na nyaya za umeme vimeletwa kwa fedha ya umma na mikono ya vibarua. Aliyejenga nyumba ana haki ya kurudishiwa gharama ya matofali na mafundi wake. Lakini kiwanja kilichoota majani, kinachongoja bei ipande, kimefanya kazi gani? Na fundi mwashi aliyejenga jumba la jirani hulala mbali, kwani ujira wake hautoshi kupanga chumba hapo, hasa anapodaiwa kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Wako watakaosema: nimenunua kwa fedha yangu halali. Sawa. Lakini bei iliyopanda tangu siku ile si jasho lako.

Haya si mageni kwetu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alifundisha kuwa haki ya mtu ni juu ya kile alichokiongeza kwa kazi yake, si juu ya ardhi yenyewe. Mwaka 1963 serikali ya TANU ikaufuta umilikaji wa milele na kuugeuza ukodishaji wa miaka 99. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo yasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Lakini yakubali pia kuwa haki katika ardhi ina thamani. Walanguzi hupita katika mlango huo.

Basi twataka mambo matatu. Kodi ya pango la ardhi ipande pamoja na bei ya kiwanja. Kiwanja kisichoendelezwa kirudishwe, kama sheria inavyoruhusu. Na fedha itakayopatikana ijenge nyumba za kupanga za wafanyakazi, karibu na kazi zao. Ardhi ni mali ya taifa. Na thamani iliyoletwa na taifa zima isiishie mfukoni mwa wachache.