Sumaku Haina Lugha

Wako wasomi washikiliao kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na mapenzi, wala hakiwezi kubeba elimu ya umeme. Dai hili na lipimwe kwa jambo lenyewe.

Waya wa shaba ukisokotwa kuwa koili, na ncha zake zikaungwa na chombo cha kupimia umeme, sumaku ikitiwa ndani mshale wa chombo huruka. Sumaku ikitulia, mshale hurudi mahali pake. Ikitolewa, mshale huelekea upande wa pili. Basi kuwapo kwa sumaku hakuzai mkondo. Uuzao ni mabadiliko ya nguvu zake ndani ya koili. Mwendo ukizidi, au mizunguko ya waya ikiongezwa, msukumo wa umeme huzidi. Ni neno gani hapo lililokosekana?

Michael Faraday, aliyegundua haya London mwaka 1831, alikuwa mwana wa mhunzi na mwanagenzi wa mjalidi vitabu. Hesabu za juu hakuzijua. Kiingereza chake nacho kilipungukiwa: mwaka 1834 William Whewell alimpa majina kama anodi na kathodi, yaliyochotwa katika Kiyunani. Kwa nini kukopa kuwe hekima kwa Mwingereza, na umaskini kwa msemaji wa Kiswahili?

Mwanafunzi wa sekondari akaririye kanuni hii kwa lugha asiyoimudu hajajifunza umeme, amejifunza kunyamaza. Lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kufanyishwa kazi.