Fikra Kongwe, Zana Mpya na Mali ya Umma

Wapo wanaodhani kwamba jaribio la fizikia lililokwama kwa kukosa zana hustahiki kufanywa siku zana zitakapopatikana, kana kwamba subira yenyewe ni hoja. Nami, nikiitazama kadhia ya chombo kiitwacho Gravity Probe B, siridhiki na dai hilo.

Mwaka 1918 wanasayansi Lense na Thirring walikokotoa, kutokana na nadharia ya Einstein ya uhusianifu, kwamba dunia ijizungushapo huburuta kidogo anga iliyo karibu nayo. Miaka arubaini na kitu baadaye wanafizikia Pugh na Schiff, kila mmoja kwa njia yake, wakafikiri kwamba pia izungukayo ndani ya satelaiti ingegeuza mhimili wake kwa mburuto huo. Fikra ilikuwa sahihi. Lakini mgeuko wenyewe, kwa mwaka mzima, haufikii sehemu moja kati ya 90,000 ya digrii, hata ikabidi yapatikane kwanza matufe ya kwatzi ya kuwa pia hizo, ambayo kasoro za umviringo wake hazizidi tabaka 40 hivi za atomu, na heliamu ya majimaji ya kuyapoza hadi karibu na sifuri halisi. Mwanafizikia Francis Everitt, aliyeingia katika kazi hiyo huko Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1962, alikuwa angali yumo chombo hicho, Gravity Probe B, kiliporushwa tarehe 20 Aprili 2004, kwa gharama ya takriban dola milioni 750.

Taabu haikwisha. Mabaka ya umeme juu ya matufe yaliipotosha mihimili yake, na kuipembua athari hiyo kukachukua miaka. Matokeo ya 2011 yakauthibitisha mburuto kwa shaka ya asilimia 19, ilhali iliyokusudiwa ni asilimia 1. Na tayari mwaka 2004 wanasayansi wengine, Ciufolini na Pavlis, walikuwa wamedai kuupima kwa shaka ya asilimia 10, kwa kufuatilia kwa leza satelaiti za LAGEOS, zilizogharimu fedha chache mno.

Kwa insafu, dai la Ciufolini na Pavlis lilitegemea ramani za mvutano wa dunia, na baadhi ya wanazuoni walilipinga. Tena Gravity Probe B ilipima athari nyingine ya nadharia hiyohiyo, ya mpindo wa anga, kwa shaka isiyozidi asilimia 0.3. Si israfu, basi. Lakini Ciufolini alikwisha kuipendekeza njia ya leza tangu 1986, na mwaka 1995 baraza la utafiti la Marekani lilipoombwa rai likashauri kazi iendelee: ningelikuwa mjumbe wake, ningelitaka hesabu za njia zote mbili ziletwe pamoja kabla sijaidhinisha hata dola moja.